Sababu Nne za Kuweka Shamba Rehani

Alhamisi, 1 Agosti 2024

Mjomba Sabirin amerudi kutoka Jakarta. Bila taarifa! Gari la kukodi, miwani myeusi, mikate kumi imebanana kwenye boksi. Idi mbili zote hakuja, kila mara ni mgahawa, mgahawa, wateja. Leo, Alhamisi isiyo na maana yoyote, huyo hapa.

Mama alilia kwa furaha. Ndiye mdogo wake pekee aliyebaki. Mimi nikakimbilia jikoni kutafuta samaki.

Hata chai hajanywa, anazunguka nyumba shingo juu. Chumba hadi chumba. Akaniuliza, paa halivuji, Yus? Nikamjibu kwa maringo kabisa: bati jipya, mwezi wa tatu, kwa fedha ya nazi zangu, fundi nilimsimamia mwenyewe. Hata tone. Nilitegemea pongezi. Akasema "Aa" – kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Halafu akamgeukia Mama. Kifua vipi, dada? Usingizi? Chakula kinashuka? Mama akasema daktari amemsifu, presha yake kama ya msichana. Na hapo tena – "Aa".

Sielewi. Nina miaka arobaini na mitatu, sijawahi kuona mtu akisikitika kwa sababu dada yake mzima na paa zima.

Jumamosi, 3 Agosti

Sasa naelewa nusu.

Leo asubuhi nimekuta watu wawili shambani. Mjomba, na mtu wa kutoka Padang amevaa kofia ya kitambaa na viatu vya ngozi. Viatu vya ngozi kwenye kingo za majaruba! Amevunja ukingo sehemu mbili, maji yanatoka jaruba la tatu yanaingia la nne, mpunga ndio kwanza unatoa masuke. Nikapiga kelele. Mwenye kofia akanipungia mkono kwa adabu, akaendelea kupiga picha.

Nikashuka na jembe kuziba. Nawasikia juu yangu. Barabara mpya itapita kule nyuma ya minazi. Chuo kitakuja. Nyumba ndogondogo thelathini na sita, zote zinatazama milima. Mjomba akauliza, zitaenea? Zitaenea, akajibiwa, mkiondoa na minazi.

Mimi niko chini, tope mpaka magotini. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Kijiji chote kimeshikwa na wazimu huu. Pale kwenye kahawa, watu ambao hawajawahi kuuza hata kuku sasa wanazungumza kwa mita za mraba. Jirani yetu ameng'oa mihogo yake ili kiwanja "kionekane". Kionekane na nani? Barabara yenyewe inakuja tangu sijavunja ungo.

Jumatatu, 5 Agosti

Nina hasira. Niandike polepole.

Chakula cha usiku. Kichwa cha samaki kwa pilipili na tui zito, anavyokipenda Mjomba. Akala, akanawa, akaanza hotuba. Yeye si mtu wa kuuza ardhi ya ukoo, hasha! Ardhi ni ya wanawake wa nyumba hii, tangu bibi na bibi wa bibi, yeye ni mwangalizi tu. Anachosema ni rehani. Mtu wa Padang atatoa dhahabu, atashika shamba, siku tukiwa na dhahabu ile ile tutalikomboa.

Nikasema, Mjomba, nani hujenga nyumba thelathini na sita juu ya shamba la rehani?

Akasema zitabomolewa.

Mungu wangu! Shamba la mama mdogo liliwekwa rehani mwaka niliozaliwa mimi. Mpaka leo tunalipita tukiliangalia kwa jicho la pembeni, na dhahabu kila mwaka inapanda. Hakuna aliyewahi kukomboa chochote katika ukoo huu.

Ila, akasema Mjomba, mila ni mila, shamba haliwekwi rehani ovyo. Sababu ni nne tu. Akainua mkono, akaanza kuhesabu vidole.

Moja, maiti ndani ya nyumba na hakuna cha kumzikia. Akamtazama Mama. Mama akaacha kutafuna. Usinitazame mimi, akasema.

Mbili, nyumba ya ukoo inavuja. Akatazama juu. Bati langu. Akashusha macho.

Tatu, cheo cha ukoo kimelala na kinahitaji sherehe ya kukiamsha. Lakini hicho tulikiamsha miaka mitano iliyopita, tukamvika Rinaldi, mtoto wa mama mdogo, tukachinja nyati. Mjomba akapita haraka.

Nne, akasema – na kidole cha nne akakiacha hewani – mwanamke mtu mzima ndani ya nyumba hana mume.

Nilikuwa nanyonya jicho la samaki.

Miaka ishirini na zaidi nimekuwa aibu ya nyumba hii. Kwenye harusi za watu nakaa nyuma na wapishi. Shangazi hawa na wale wananiombea dua kwa sauti, nisikie. Leo usiku nimepanda cheo. Mimi ndiye sababu!

Jumanne, 6 Agosti

Sikulala. Nimeziba ukingo mara ya pili.

Jumatano, 7 Agosti

Nimempigia Elfira. Mdogo wangu, yuko Batam, mume, mabinti wawili, kazi ya kiwandani. Nikamweleza yote mpaka pumzi ikaniishia. Akasema anajua, Mjomba alimpigia wiki iliyopita.

Wiki iliyopita! Kabla sijajua mimi mwenyewe kwamba naolewa.

Akasema, dada, kwani kuolewa kuna ubaya gani? Jaribu tu. Nikamwambia si suala la kuolewa, ni majaruba sita, ndiyo tunayokula mimi na Mama, na tukifa sisi ni ya mabinti zako. Akacheka – kicheko kifupi, cha uchovu. Mabinti zangu, dada, hawajui mpunga na majani ni kipi ni kipi. Wanataka ada.

Ameshatia sahihi. Karatasi imekuja kwa simu, akaichapisha, akasaini, akairudisha kwa simu. Nilimbeba mgongoni huyu mpaka ana miaka minne!

Baadaye akanitumia ujumbe: usinikasirikie. Sijajibu.

Ijumaa, 9 Agosti

Marjohan amekuja kuangua nazi. Ni mkwezi asiyekwea. Yeye anakaa chini anavuta kamba, tumbili wake anapanda, anazungusha nazi kwa mikono miwili mpaka inakatika. Tumbili anaitwa Bupati, yaani mkuu wa wilaya, maana ana tumbo na hapendi kuamriwa. Kila mwezi wanakuja hivyo hivyo, juu ya pikipiki moja, Bupati mbele.

Nilikuwa na hasira zangu, nikamuuliza Marjohan kwa mzaha, eti wewe ukitakiwa kuoa, kwenu watadai nini? Huku kwetu Pariaman sisi wanawake ndio tunaotoa. Mwanamume anafuatwa kwao kwa mali, na bei inakwenda kwa nasaba yake na shule yake. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka ishirini na minne alikuwapo mmoja, mwalimu. Kwao wakataka pikipiki mpya na dhahabu juu. Hatukuwa nayo. Basi. Alioa Lubuk huko, ana watoto wakubwa. Wakati ule hakuna aliyesema shamba liwekwe rehani.

Marjohan hakucheka nilivyotegemea. Akasema, mjomba wako hakukwambia? Alifika kwetu juzi.

Alifika wapi?

Kwetu. Kwa kaka yake mama yangu. Akauliza bei yangu.

Nikakaa juu ya rundo la makumbi. Marjohan ana miaka hamsini, mjane, hana nasaba ya kutajika, shule aliishia la sita. Kaka yake mama yake, mzee wa watu, akajitutumua akasema: saa ya mkononi na suti. Mjomba akauliza, basi? Basi. Mjomba akaaga, hata kahawa hakumaliza.

Ndipo nilipoelewa. Saa na suti haziwezi kulifanya shamba liwekwe rehani! Mjomba anatafuta bwana harusi wa bei kali.

Nilicheka mpaka machozi. Marjohan naye akacheka, Bupati juu akapiga kelele, nazi ikaanguka hatua mbili kutoka kichwani pangu. Kisha nikaona uso wake na nikaacha kucheka. Mtu kaulizwa bei yake nyumbani kwao, kaonekana rahisi mno, kaachwa na kahawa ya mgeni inapoa. Nikaona haya kwa niaba ya ukoo wangu mzima.

Nazi mia na kumi na mbili.

Jumapili, 11 Agosti

Amepatikana! Wa bei kali.

Anaitwa Sidi Bahar. Hilo "Sidi" ni nasaba, linapanda bei peke yake. Miaka hamsini na tisa, mstaafu wa serikali, mke wa kwanza aliachana naye, wa pili alimwacha yeye. Meno meupe mno. Kwao wanadai gari. Gari! Mjomba akalitaja huku anang'aa kama ndiye anayepewa.

Nilipeleka chai. Sidi Bahar hatumii sukari, akatueleza kwa nini, kwa tarakimu. Kisha mafuta kwenye damu, kwa tarakimu. Hakuniuliza kitu kimoja. Hata jina alikosea, aliniita Yusniar mara mbili, nami siitwi hivyo, na Mama akawa anamjibu kana kwamba ni sawa.

Alipoinuka kuondoka akasimama ukumbini akaangalia majaruba. Nikafikiri labda ana jicho, mpunga wa mwaka huu umekaa vizuri. Akamwambia Mjomba, ile ya pembeni pale, karibu na mfereji, msiwape watu. Nyumba ya kona hupata upepo.

Basi naye anajua. Wote wanajua. Ameshachagua nyumba yake juu ya jaruba langu la kwanza, na mimi nimeshika sinia.

Nimevunja kikombe. Kwa makusudi, jikoni, peke yangu. Cha bei nafuu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Rinaldi. Ndiye mkuu wa ukoo siku hizi, ana miaka thelathini na minne na anauza vocha za simu. Siku ya kumvika kilemba nilimfunga mimi, kilikuwa kinamteleza.

Nilimkuta anabadilisha kioo cha simu ya mtu. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema, dada, kwa mila sababu inakubalika. Nikasema, lakini mimi sitaki mume. Akakuna shingo. Hilo mila haiulizi, dada.

Nilitaka kumpiga na kile kioo.

Halafu akasema la maana. Karatasi haiwi karatasi bila wanawake wote watatu wa nyumba. Mama, Elfira, mimi. Mmoja akikosekana, yeye mkuu wa ukoo hawezi kuweka mhuri wake, na mtu wa Padang hawezi kutoa hata chembe ya dhahabu. Lazima wote tuwe neno moja.

Nikasema, basi sisaini, kwisha.

Akasema, dada, utaishi humu. Utakuwa wewe uliyemnyima mjomba wako, uliyewanyima watoto wa Elfira ada, uliyekataa kumpa mama yako harusi. Kila harusi, kila msiba, watu watakusema. Akasema kwa huruma, ndiyo maana iliniuma.

Nilipokuwa mlangoni akaongeza: kuna njia nyingine. Ukiwa na mume kabla ya karatasi, sababu imekufa.

Yaani niolewe ili nisiozwe! Nimetembea njia nzima nikisema hivyo kwa sauti. Bata wa watu wamenikimbia.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilikuwa na shughuli sokoni. Si kweli, sikuwa nayo. Nilipita kwa Marjohan.

Alikuwa anamwogesha Bupati kwenye beseni. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa mambo ya Mjomba. Akasema hayana neno, hata yeye mwenyewe alifikiri suti ni nyingi. Tukazungumza bei ya nazi. Tukazungumza panya wa shambani. Nikamwambia kuhusu Sidi Bahar na nyumba ya kona, akamsugua tumbili mgongo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Kisha akasema, bila kuniangalia: mimi ningekuja mwenyewe, Yus. Bila kufuatwa. Na hilo jaruba la kwanza ningelilima.

Nikakasirika. Sijui kwa nini! Nikamwambia hata wewe unataka shamba, nikaondoka, nikasahau kapu langu.

Si kweli kwamba sijui. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, na nikakasirika kwamba wamenifikisha mahali ambapo hata furaha yangu siwezi kuiamini. Mtu akinitaka, lazima nipige hesabu: ananitaka mimi au majaruba sita? Na mimi nikimtaka, je? Namtaka yeye au namtaka mume wa haraka wa kuzuia karatasi?

Jioni amemtuma mtoto wa jirani na kapu. Ndani hakuna kitu. Nimelitazama mara mbili.

Jumamosi, 17 Agosti

Sikukuu ya Uhuru. Kijiji kizima uwanjani. Vijana wanapanda mti wa mpopoo uliopakwa mafuta, wanateleza, wanapanda mabegani mwa wenzao, juu kabisa ndoo na fulana na baiskeli vinaning'inia. Mimi nilikimbia kwenye gunia na wanawake, nikashinda beseni la plastiki. Nilicheka. Saa tatu nzima sikumfikiria Mjomba.

Hakuwapo uwanjani. Ningepaswa kujiuliza yuko wapi.

Nimerudi nyumbani nakuta Mama amekaa ukumbini, mikono juu ya magoti. Dole gumba la kulia ni la zambarau.

Mama, hiyo nini?

Akalificha kwenye kanga. Kama mtoto! Nikauliza tena. Akasema Sabirin alileta karatasi, akamsomea. Nikasema, alikusomea nini? Kwamba shamba linaondoka?

Akasema anajua shamba linaondoka. Yeye si mjinga. Amelima humo kabla mimi sijazaliwa, humo ndimo uchungu wa kunizaa ulimomshika.

Basi kwa nini, Mama?

Akaniambia. Sauti ndogo. Kila usiku akilala anafikiri: nikifa, nani atamwuliza Yus kama kala? Elfira yuko mbali. Mpunga hausemi na mtu. Akasema, nipe nikuone umekaa na mwenzio, hata huyo wa meno, nimechoka kukuacha peke yako kichwani mwangu kila usiku.

Nikamwosha dole kwa limau. Wino hautoki.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika jikoni, nimekaa juu ya kinu. Wako ukumbini wote. Mjomba, mwenye kofia, Sidi Bahar na kaka zake wawili, Rinaldi na kilemba chake, na mhuri kwenye mfuko wa plastiki wa duka la vocha. Jirani zetu wanawake walikuja alfajiri kupika. Nyama, maini, wali uliopikwa ndani ya mianzi, kana kwamba harusi yenyewe ni leo. Wamehamia mbele sasa, kuangalia.

Marjohan amepita asubuhi na pikipiki, taratibu, hakusimama. Labda ana minazi upande ule. Minazi upande ule hakuna.

Mjomba alizungumza nusu saa. Alimsifu bibi yetu. Alisifu mila. Alisema koo nyingine zinauza ardhi kwa wageni kama kuuza kitumbua, sisi tumefuata njia. Sababu ya nne, akasema, ni ya heshima kuliko zote, maana inajenga nyumba. Mwenye kofia alitikisa kichwa sana kwenye neno nyumba.

Kisha, kwa kuwa si adabu mwari kusaini mbele ya wanaume – mwari! miaka arobaini na mitatu! – karatasi ikaletwa huku. Mama ndiye aliyeileta, amevaa gauni lake la Idi. Akaiweka juu ya pipa la mchele pamoja na kalamu ya Mjomba, kalamu nzito, ya rangi ya dhahabu, ya Jakarta. Alinishika shavu kwa mkono ule ule wenye dole la zambarau, akatoka.

Nimeisoma yote. Dole la Mama. Sahihi ya Elfira, nyeusi, imekwaruzika, imepigwa picha. Sahihi ya Mjomba, na mkia mrefu. Mstari wa Rinaldi uko wazi, yeye hutia wa mwisho. Juu yake, mstari wangu.

Nikikataa, Mama atasikia mbele ya watu wote kwamba dole lake lilikuwa bure. Nikikubali, msimu ujao sina pa kwenda alfajiri. Nikisema jina la Marjohan – hapa, sasa hivi, kwa sauti – hata sijamwuliza vizuri, na nyama imeshaiva kwa ajili ya mwingine.

Nimefungua kofia ya kalamu. Nikachukua daftari hili kwenye kapu la vitunguu ninapolificha. Ndiyo kalamu ninayoandikia sasa. Inateleza vizuri, sitasema uongo.

Mjomba ameita, vipi huko? Mara mbili sasa.

Mama amechungulia. Kusoma hajui, Mungu wangu. Ameniona nimeinama, mkono unakwenda, amedhani nasaini. Alisimama pale mlangoni kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, akarudi mbele. Sikumwita. Ningemwita nimwambie nini?

Nasikia Mjomba: Alhamdulillah! Na wengine: Alhamdulillah. Sahani zimeanza kugongana. Mwenye kofia anacheka. Rinaldi ameanza dua, ndefu, ya ndoa yenye baraka, na sauti ya Mama ndiyo inayosema amina kuliko zote.

Karatasi iko hapa gotini, pale penye mstari wangu peupe kabisa. Daftari limebakiwa na kurasa nne. Naandika herufi ndogo, zisiishe.